Jinsi Riwaya Yangu ya Roma Ilivyomponza Mjomba

Mtu mwenye akili akikimbia nchi yake hubeba vitu vya maana. Mama yangu alibeba dhahabu zake, kazishonea ndani ya mto. Mjomba, kaka yake mama, alibeba vyeti vyake vya kazi na suti moja ya kijivu. Mimi, niliyekuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja na akili ya kuku, nilibeba boksi la chaki na kitabu cha shule cha historia ya Roma, kisicho na jalada wala kurasa za mwisho. Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne Unguja, na siku tuliyoondoka vitu hivyo vilikuwa juu ya meza. Sina maelezo mengine.

Tulishuka Maskati mwaka wa sitini na nne, watatu sisi, tukapata nyumba ya vyumba viwili nje ya ukuta wa mji, mgongo wake umeegemea jabali. Jabali lile lilikuwa likila jua mchana kutwa kisha likitutapikia usiku kucha. Kazi ya ualimu haikuwepo. Skuli zenyewe ungeweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja ukabakisha vidole. Niliambiwa nisubiri, nikasubiri mwaka mzima, mpaka Mama akasema kuwa mwanamume akikaa nyumbani muda wote huo inabidi apanguswe vumbi pamoja na makabati.

Basi nikaamua kuandika riwaya.

Niliichagua Roma kwa sababu ndicho kitabu nilichokuwa nacho. Pia nilijiona mjanja. Kuandika habari za Unguja kuliniuma, na kuandika habari za Maskati niliogopa, maana siku zile mambo mengi yalitaka ruhusa na sikutaka kuwa wa kwanza kuuliza kama riwaya ni mojawapo. Roma haikuwa na mwenyewe. Nikanunua madaftari sita sokoni Matrah, nikaanza kumwandika bwana mmoja wa Kirumi, mtu wa ukoo wa kati, anayetaka kuwa mkubwa wa Roma kwa kila hali. Nilimpa jina refu la Kirumi ambalo Mama alijaribu kulitamka mara mbili, akasema ulimi wake si wa kuchezewa. Tangu hapo tukamwita Mrumi tu.

Sasa, mimi katika maisha yangu nilikuwa nimeiona miji miwili. Kwa hiyo Roma yangu ilikuwa na punda wa maji, milango ya mji inayofungwa jioni, na watu wanaokula halwa kabla ya kunywa kahawa. Mrumi wangu alipopata uhakimu, watu walipikiwa pilau. Kila siku baada ya sala ya alasiri nilikuwa nikiwasomea Mama na Mjomba kurasa nilizoandika, na Mama hakuniachia jambo lipite.

"Huyu mkewe anafanya nini mchana kutwa?" aliniuliza siku moja. "Kurasa ishirini hajasema neno. Bubu?"

"Mama, hii ni riwaya ya siasa."

"Na nani alikwenda kumposa? Mahari yake nini? Au wameokotana njiani?"

Nikaongeza harusi ya kurasa tisa. Mama aliridhika, ingawa alisema bibi harusi hakusingwa vya kutosha. Hata leo nikifikiri jinsi riwaya yangu ya madaraka na umwagaji damu ilivyosimama wiki mbili ikisubiri liwa ya kumsinga bibi harusi, nashikwa na hasira.

Mjomba yeye hakusema kitu. Alikuwa akisikiliza kafumba macho, na mimi nilidhani amelala.

Lazima nimweleze Mjomba. Unguja alikuwa karani mkuu katika ofisi ya serikali, chumba chenye feni, na juu ya meza yake palikuwa na kengele ndogo ya kugonga kwa kidole. Akiigonga, mtu alikuja. Akipita njiani, waliokaa barazani walisimama kumwamkia. Maskati alikuwa akipima vitambaa katika duka la tajiri mmoja wa Matrah, na wateja walikuwa wakimwita "wewe". Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tano, mjane, mrefu, ana sauti nzuri ya kusomea barua. Miaka miwili ilipita bila ya mtu kumuuliza anaonaje juu ya jambo lolote. Mwenyewe hakulalamika hata siku moja. Lakini asubuhi moja nilimkuta kakaa peke yake, akagonga mkeka kwa kidole mara moja, kisha akatazama mlango. Niliondoka kimyakimya.

Ndipo alipofariki mzee wa sabla.

Sabla ni chumba cha wanaume wa mtaa. Kuta nne, mikeka, mito ya kuegemea na birika la kahawa. Humo watu hukaa matanga, hupokea wageni, hugombana na kupatana. Mwenye ufunguo wa sabla ndiye mkubwa wa mtaa. Hana mshahara wala karatasi, ila akifungua mdomo wengine hunyamaza. Sasa ufunguo ulikuwa hauna mtu, na asubuhi ya siku ya nne baada ya maziko wazee wangekutana kumpata mwingine.

Jioni ya siku ya kwanza ya matanga Mjomba alifumbua macho katikati ya usomaji wangu.

"Mwanangu," alisema, "huyu Mrumi wako, alipoutaka ukubwa, alianza na lipi?"

Hakuna mwandishi duniani anayeweza kuulizwa swali hilo akajizuia. Nilimweleza hadi kahawa ikapoa. Nilimwambia kwamba kwa mujibu wa kitabu changu, Mrumi mwenye kutaka cheo hakukaa akasubiri. Alilipaka joho lake chaki likawa jeupe pe, ili watu wamwone toka mbali. Akapita akiwashika mikono watu, mmoja mmoja, akiwaomba wamuunge mkono. Na nyuma yake alikuwa na mtu wa kumnong'oneza majina, ili kila anayekutana naye adhani anakumbukwa.

Mjomba alikuwa akitikisa kichwa polepole. Mama akaweka kikombe chini.

"Kaka, usinambie."

"Sijakwambia kitu."

"Hapa ukubwa hauombwi. Nimeambiwa na majirani. Ufunguo huwekwa kwenye sinia, sinia huzungushwa, na kila mmoja hulisukuma kwa mwenzake akasema hastahiki. Anayekataa mpaka watu wakachoka ndo hupewa. Wenzio hukataa, kaka!"

"Kwa hivo anayetaka huwa anakataa, na asiyetaka anakataa vilevile. Watu watajuaje?"

"Wanajuana."

"Mie hawanijui," alisema Mjomba. "Hilo ndo tatizo. Nikikataa, watasema ahsante, na sinia lipite. Unguja mtu akitaka kitu alisimama akasema nnakitaka."

"Na hiyo Unguja iko wapi leo?" Mama alisema, kisha akajuta, maana alinyanyuka akaenda kumkatia kipande kikubwa cha halwa.

Ningeweza kuyazuia haya. Lakini mimi kwa mara ya kwanza nilikuwa na msomaji aliyekiamini kitabu changu, na moyo ulinivimba. Tulipobaki wawili nilimwambia Mjomba kwamba chaki ninazo.

Ugumu wa kwanza ulikuwa huu. Roma mgombea alijulikana kwa weupe. Maskati wanaume wote wamevaa kanzu nyeupe tangu alfajiri, tajiri, hamali, mtoto wa chuo cha Kurani, wote. Nilimweleza Mjomba shida hiyo, akaifikiria usiku mzima kama mambo ya dola.

"Basi itanibidi niwe mweupe kuliko wao," alisema asubuhi.

Tulizitwanga chaki kwenye kinu cha Mama alipokuwa amekwenda kwa jirani. Boksi zima. Tulikung'uta unga ule juu ya kanzu yake ya sikukuu, mbele, nyuma, mikononi, mpaka akawa anang'aa kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Mchana wake Mama alitwanga bizari katika kinu kilekile bila kujua. Samaki papa aliyevuliwa Yiti akatoka na mchuzi mweupe kama uji, wenye ladha ya ubao wa darasani. Mama alituangalia sisi wawili, akaangalia mchuzi, akasema, "Siulizi." Kila mara Mama aliposema haulizi, alikuwa kesha jua.

Asubuhi ya siku ya nne, baada ya sala ya alfajiri, Mjomba alijikung'utia unga uliobaki mpaka viganjani, tukatoka. Mpango ulikuwa kupita nyumba kumi na moja za wazee kabla ya mkutano. Mimi ndiye mnong'onezaji. Kwa kuwa Mjomba sikio moja lilikuwa zito, na mimi kwa wasiwasi nililishika lile zito, kunong'ona kwangu kulisikika mpaka uani.

Katika nyumba ya kwanza mzee alitoka mlangoni kavaa joho lake jeusi tayari kwa mkutano. Nikamwinamia Mjomba. "Huyu ndiye mwenye ngamia mgonjwa."

"Ngamia kapona," alijibu mzee, kabla Mjomba hajafungua mdomo.

Mjomba hakutetereka. Alimkumbatia kwa mikono miwili, akampiga mgongoni kofi la mahaba, kama alivyowaona wagombea wakifanya Unguja nyakati za uchaguzi. Kisha akamwambia kwa Kiarabu chake cha chuoni, chenye irabu zote mahali pake, kwamba anauomba ufunguo wa sabla, na kwamba katika mtaa mzima yeye ndiye mtu wa kwanza aliyemjia.

Mzee alisema, "Inshallah kheri."

"Mmoja," alisema Mjomba tulipogeuka pembeni.

Tulikwenda hivyo nyumba kwa nyumba. Kukumbatia, kofi la mgongoni, wewe ndiye wa kwanza niliyekujia, inshallah kheri. Mzee mmoja alikuwa ndiyo kwanza anapiga mswaki, akasema inshallah na mswaki mdomoni. Mwingine alidhani Mjomba amekuja kuposa, akasema inshallah, akaenda kumwita mkewe. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mzee muuza ndimu kavu, mtu wa asili ya kijiji cha Ansab, mfupi, mkimya, ambaye katika miaka miwili nilikuwa nimemsikia akisema maneno yasiyozidi kumi, na mengi yake ni bei. Yeye alipokumbatiwa alikaa tuli kama mti, akamtazama Mjomba kwa muda, akamuuliza kama amekwisha kunywa chai. Tukasema tumekwisha. Akasema, "Inshallah."

"Kumi na moja," Mjomba alisema njiani, na uso wake ulikuwa na nuru niliyoisahau. "Mwanangu, kumi na moja kwa kumi na moja! Hata Mrumi wako hakupata hivi."

Nilipomweleza Mama habari hizo tulipopita nyumbani kunywa maji, alishika kichwa. "Mie kila siku namwambia muuza samaki inshallah n'tanunua kesho. Kesha ninunulisha?"

Lakini Mjomba alikuwa kesha toka.

Mlango wa sabla yetu ulikuwa mfupi, mtu huinama kuingia. Mimi nilikaa karibu na viatu, mahali pa vijana, na hivyo nikawa nawaona wote kwa nyuma wanavyoingia. Alipoinama mzee wa kwanza, niliona katikati ya joho lake jeusi alama ya kiganja cha mkono, nyeupe, vidole vitano, wazi kabisa. Akaja wa pili: kiganja. Wa tatu: kiganja, na cha pili begani. Chaki haionekani juu ya kanzu nyeupe, na hilo tulikuwa tumelijadili kwa siku tatu. Juu ya joho jeusi hatukulijadili.

Kila mzee alikuwa hauoni mgongo wake, ila alikuwa akiuona wa aliye mbele yake. Nikawa nawatazama wanavyofahamu. Mzee wa ngamia alitazama mgongo wa jirani yake, akacheka kwa siri, akamnong'oneza mwenzake. Mwenzake akacheka, akamgeuza kidogo, akautazama mgongo wake yeye. Kicheko kikaisha. Polepole, bila ya mtu kusema kitu, wazee kumi na mmoja wa mtaa walianza kugeuzana na kukaguana migongo kama washonaji.

"Aliniambia mimi ndiye wa kwanza," alisema mmoja.

"Wewe? Mimi alinikuta nasugua meno."

Mjomba alikaa wima katikati yao, anang'aa, haelewi.

Sinia likaletwa. Ufunguo ulikuwa wa chuma, mrefu kama mkono wa mtoto. Sinia likaanza kuzunguka na mambo yakaenda kwa adabu zake. Mzee wa ngamia alisema yeye ni mgonjwa. Aliyefuata akasema yeye ni mjinga. Wa tatu akasema kuna vumbi la miguu ya wenzake linalostahiki kuliko yeye. Kila mmoja alisukuma sinia kama lina moto. Likamfikia Mjomba.

Mjomba aliuchukua ufunguo.

Aliunyanyua juu, akasimama nao. Chumba kizima kikavuta pumzi. Nilifumba macho, kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia tu, na nilichosikia ilikuwa ni hotuba ya ukurasa wa mia na kumi na mbili wa riwaya yangu. Alikuwa ameihifadhi. Alikuwa ameitia katika Kiarabu mwenyewe, kimyakimya, siku tatu, na wallahi ilikuwa nzuri kuliko nilivyoiandika. Ila alikuwa ameihifadhi yote, neno kwa neno, na kwa hofu akaisema yote.

"Enyi watu wa Roma!" alisema Mjomba.

Wazee walitazamana.

"Mkinipa ukubwa, nitajaza maghala yenu ngano! Nitaleta maji juu ya madaraja, kutoka milimani mpaka katika hamamu zenu! Nitawajengea uwanja, na mtapata michezo ya simba siku arubaini! Na maadui wa Roma, popote walipo, nitawaleta mbele yenu kwa minyororo!"

Kisha mzee mmoja, mtu mwema asiyejua dhihaka, aliuliza kwa upole, "Roma iko wapi hii? Baada ya Sib?"

"Baada ya Sib ni Barka," alisema mwingine.

"Na simba watalala wapi?" akauliza wa tatu. "Hapa sabla?"

Ndipo walipopasuka. Sijapata kuona wazee wakicheka namna ile, wameshikana mabega, machozi yanalowesha ndevu, na kila aliyegeuka kujificha uso alionyesha kile kiganja cheupe mgongoni, wakaanza upya. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilicheka. Niliuma mkono wa kanzu yangu, lakini nilicheka.

Mjomba alikuwa bado kasimama na ufunguo. Uso wake nilipoutazama, kicheko kiliniishia. Alikuwa na uso wa mtu aliyegonga kengele na mlango haukufunguliwa.

Mzee wa ndimu kavu ndiye pekee ambaye hakucheka. Alinyanyuka na sinia, akalishika chini ya mkono wa Mjomba, akasubiri. Baada ya muda Mjomba aliuweka ufunguo juu ya sinia, taratibu, ili chuma kisilie. Akainama mlangoni akatoka. Mzee wa ndimu akalisukuma sinia kwa jirani, likazunguka mara mbili zaidi, na lilipomrudia yeye alikataa kwa nguvu hata akakimbilia nje, na wakamrudisha watu watatu. Akapewa.

Mjomba hakutoka nyumbani siku hiyo, wala ya pili, wala ya tatu. Dukani nilikwenda kumwombea ruhusa ya ugonjwa. Alikuwa amelala kaelekea ukuta, na Mama alikuwa akimwekea chakula na kukiondoa. Hakumwambia "nilikwambia", na mjue kuwa Mama kulizuia neno hilo kulimgharimu kuliko dhahabu zake zote. Mimi nilikusanya madaftari yangu sita nikayapeleka jikoni kuyatia motoni. Mama akaninyang'anya.

"Usiyaunguze. Kamsomee."

"Mama, ndiyo yaliyomfikisha hapa."

"Ndo maana. Kamalize ulichokianza."

Nikaenda nikakaa karibu na mgongo wa Mjomba. Mwisho wa riwaya nilikuwa nimeuandika zamani, na nilikuwa nikijivunia. Mrumi anashindwa, watu wa Roma wanamcheka sokoni, na jioni anakwenda bustanini kuuangukia upanga wake. Kabla ya kufa anasema maneno kurasa nne. Nilianza kusoma kwa sauti ya chini. Nilipofika katikati ya ukurasa wa tatu, ukuta ulisema:

"Upanga ushaingia?"

"Ushaingia, Mjomba."

"Na bado anasema?"

"Anasema kidogo."

Akageuka. Macho yalikuwa mekundu. "Huyu mtu hana dada?"

"Sikumwandikia."

"Mwandikie. Mtu akishindwa akawa hana dada wa kumwekea chakula, ndo hufanya upuuzi kama huo." Akakaa kitako, akaushika ukuta kwanza. "Na siku ya pili yake?"

"Siku ya pili ipi?"

"Siku ya pili baada ya kushindwa. Alifanya nini?"

"Mjomba, amekufa. Riwaya imekwisha."

"Nyie mnaoandika hamuijui siku ya pili," alisema. Hakuwa na hasira. "Mie ninayo. Siku ya pili tuliposhuka hapa, ulikuwa umelala, mama yako anaumwa. Nilivaa suti yangu nikapita Matrah duka kwa duka, nikauliza kama kuna kazi ya uandishi. Wakanambia hakuna. Nikauliza kama kuna kazi ya kupima vitambaa. Hiyo ilikuwa siku nzito kuliko zote, na kwenye madaftari yako sita haimo."

Nilikuwa nimekaa na mtu yule nyumba moja miaka miwili, nikila kwa mkono wake, nikimtafuta shujaa Roma. Nililia mbele yake, na sioni haya kulisema.

Akaniambia nimletee maji ya uso. Akanawa, akavaa kanzu yake ya kila siku, akafunga kilemba mbele ya kioo cha Mama, akakifungua, akakifunga tena. Watu walikuwa ndiyo wametoka sala ya alasiri. Alishika njia ya sabla na mimi nilimfuata hatua kumi nyuma, roho mkononi.

Alipofika mlangoni alivua ndara moja, akabaki na ya pili mguuni. Mle ndani mazungumzo yalikatika. Wote walikuwa wamemwona. Nilijua kama atageuka sasa, hatorudi tena mahali pale maisha yake yote.

Mgeni akiingia sabla, ni desturi aulizwe habari za alikotoka, na wenye sabla hunyamaza wamsikilize. Mjomba wangu, kwa kuwa alikuwa hatoki popote ila duka la vitambaa, hakupata kuulizwa hata siku moja. Mzee wa ndimu kavu, aliyekaa mwisho wa chumba na ufunguo wake, ndiye aliyefungua mdomo.

"Karibu, bwana," alisema. "Habari za Roma?"

Mtu mmoja alipuliza kicheko puani, akanyamazishwa. Wazee wote kumi na mmoja walikuwa wakimtazama, wanangoja, na hapakuwa na sauti ila ya makaa chini ya birika la kahawa.

Mjomba alisimama na mguu mmoja mtupu. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya kusomea barua, "Roma ni kheri. Walikuwa na uchaguzi. Wamempata mtu bora."

"Alhamdulillahi," alisema mzee. "Na aliyeshindwa?"

"Hajambo," alisema Mjomba. Akavua ndara ya pili, akaingia.